Kolamu ya polima inasumbua? Anza na dalili kabla hujailaumu

Kolamu ya kromatografia (silinda yenye polima ndani, kimiminika kinapitishwa humo ili kutenganisha na kusafisha protini, virusi au plasmidi, yani DNA ya duara) ikianza kusumbua katikati ya bechi kubwa, ya kwanza kulaumiwa ni kolamu, na mara nyingi sana inaonewa tu. Washukiwa wako watatu: mashine (pampu, valvu, filta, mirija, detekta), kinachoingizwa (sampuli na bafa, yani kimiminika chenye pH iliyodhibitiwa), halafu kolamu yenyewe. Wachunguze kwa mpangilio huo huo, usiruke, maana kolamu ya lita kadhaa ni ghali na kuifungua bila sababu ni kujitafutia tatizo jipya huku sampuli inakaa kwenye tangi inaharibika.

Jua kwanza una kolamu ya aina gani, kwa sababu dalili moja inaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Kuna za punje, yani resini ya polima iliyopakiwa ndani ya silinda, iwe ya methakrileti au ya polistireni-divinilibenzeni kama zinazouzwa kwa jina POROS. Halafu kuna monolithi, kipande kimoja cha polima chenye njia zinazopitana toka upande mmoja mpaka mwingine kama sponji, mfano zinazouzwa kwa jina CIM. Kwenye punje nyingi mtiririko unapita nje ya punje, molekuli inabidi ijipenyeze yenyewe taratibu kwenye vitundu vya ndani, na ikiwa kubwa inachelewa au haiingii kabisa. Kirusi cha adeno kina kama nanomita 90, na vitundu vya punje nyingi viko chini ya nanomita 100, kwahiyo kinaishia kushikwa kwenye ngozi ya nje tu. Monolithi haina kusubiri huko, njia zake ni za mikromita 1 na kuendelea na mtiririko wenyewe ndo unaipeleka molekuli mpaka ukutani. POROS iko katikati, ina matundu makubwa yanayoruhusu sehemu ya mtiririko kupita ndani ya punje. Tofauti hii ishike vizuri, nitairudia sana huko chini.

Kabla ya dalili yoyote: namba ya siku ya kwanza

Kolamu ikiwa mpya, pitisha bafa moja unayoijua, kwa mtiririko mmoja, kwenye halijoto moja, andika presha. Halafu toa kolamu, unganisha mirija moja kwa moja, pitisha tena vile vile, andika presha ya mashine tupu. Tofauti ya hizo mbili ndo presha ya kolamu. Rudia kipimo hicho kabla na baada ya kila bechi. Bila namba hii kila kitu kinachofuata ni kubahatisha, na inashangaza ni maabara ngapi zenye mashine nzuri kabisa hazina hii karatasi moja.

Presha inapanda

Hii ndo dalili inayotisha kuliko zote na ndo yenye sababu nyingi, kwahiyo tuichukue polepole.

Swali la kwanza, imepanda lini? Kama imepanda hata kabla sampuli haijaingia, unapitisha bafa tu, basi vua kolamu pima mashine tupu. Ikibaki juu, shida iko kwenye filta ya mstari, valvu ambayo haijafunguka sawasawa, au mrija uliokunjika. Filta ya mstari ndo mkosaji wa kawaida na kubadilisha ni kazi ndogo.

Mashine ikiwa safi, angalia halijoto na aina ya kimiminika kabla hujasema kolamu imeziba. Presha inakwenda sambamba na mtiririko na mnato. Maji ya nyuzi 4 yana mnato wa kama 1.57, ya nyuzi 20 ni 1.00, ya nyuzi 25 ni 0.89 (zote milipaskali-sekunde), maana yake kolamu ile ile, mtiririko ule ule, ukiihamisha toka chumba cha kawaida kwenda chumba cha baridi presha inapanda kwa zaidi ya nusu na hakuna kilichoharibika. Ethanoli asilimia 20 ndo inadanganya watu zaidi, mnato wake ni karibu mara mbili ya maji, unatoa kolamu kwenye hifadhi unaanza kuisukuma kwa mtiririko wa kazi, alamu inalia. Ethanoli itolewe kwa mtiririko wa nusu au chini ya hapo mpaka iishe ndani. Bafa yenye amoniamu salfeti ya mola 2 au 3 nayo ni nzito kuliko maji, usiilinganishe na namba ya bafa nyepesi.

Kama presha ilikuwa sawa na imeanza kupanda pale tu sampuli ilipoingia, sasa tunaongea kuhusu sampuli. Hapa kuna mambo mawili ambayo yanafanana kwa macho ila dawa zake ni tofauti. La kwanza ni mnato wa sampuli yenyewe, kwa mfano plasmidi iliyokolea au mchanganyiko ambao bado una DNA ndefu ya seli. Presha inapanda, inafika mahali inatulia, na ukirudisha bafa ya kuosha inashuka mpaka ilipokuwa. Hiyo sio kuziba. Punguza mtiririko, au zimua sampuli, au vunja DNA ya seli kwa nyukliezi (kimeng'enya cha kukata DNA) kama unachosafisha sio DNA. La pili ni kuziba kweli: presha inapanda bila kutulia, na ukirudisha bafa ya kuosha haishuki au inashuka kidogo tu. Kwahiyo jaribio ni rahisi, simamisha sampuli, pitisha bafa ya kuosha kiasi cha mara 5 hivi ya ujazo wa kolamu, angalia namba inaelekea wapi.

Kuziba kwa sampuli kunatoka wapi wakati ulichuja? Hapa ndo penyewe. Watu wanachuja sampuli, HALAFU wanarekebisha pH au wanaongeza chumvi, halafu wanapakia. Mashapo yanajitengeneza baada ya kurekebisha, sio kabla, tena mengine yanachukua saa moja au zaidi kuonekana. Mpangilio sahihi ni kurekebisha kwanza, kuacha itulie, kisha kuchuja, na kupakia hapo hapo. Kwenye kolamu za haidrofobia (zinazoshika molekuli kwa sehemu zake zinazochukia maji) ni mbaya zaidi kwa sababu ukimwaga amoniamu salfeti iliyokolea kwa haraka, pale inapoangukia chumvi inakuwa kali kupita kiasi na protini au plasmidi inaganda pale pale hata kama wastani wa tangi zima uko sawa. Mwaga taratibu huku unakoroga, au bora zaidi changanya ndani ya mstari wakati wa kupakia, ila hapo weka filta kati ya mchanganyiko na kolamu.

Filta ya ngapi? Kwa protini na plasmidi nyingi 0.22 au 0.45 ya mikromita inafaa. Kwa virusi vikubwa pima kwanza kama filta ya 0.22 haikuibii mali, wakati mwingine inabidi ukae na 0.45 au 0.8. Na usichukulie kwamba monolithi kwa vile ina njia pana basi inaweza kupokea chochote. Kitu kinachoshikwa kwenye mlango wa monolithi kinakaa mlangoni, punje zilizopakiwa angalau zina sentimita kadhaa za kina za kutawanya uchafu.

Halafu kuna kupanda kwa polepole, bechi hadi bechi, asilimia chache kila mara. Hiyo ni usafishaji ambao hautoshi. Jiulize nini kinabaki, kwa sababu kila uchafu una dawa yake. DNA na protini zilizoshikwa kwa chaji zinataka chumvi ya mola 1 hadi 2 kwanza, ndipo NaOH (sodiamu haidroksaidi) ya mola 1. Mafuta na lipidi toka kwenye utando wa seli hayajali chumvi, yanataka isopropanoli au ethanoli ya asilimia 20 hadi 30, na muda. Neno muda nalisisitiza, kusafisha sio kupitisha tu, ijaze kolamu halafu simamisha pampu au endesha polepole sana kwa saa moja au mbili. Kama mtengenezaji anaruhusu, endesha kinyume cha mtiririko, maana uchafu mwingi umekaa upande wa kuingilia na kuusukuma mbele ni kuuzungusha kolamu nzima.

Mpangilio wa kusafisha nao unaweza kuziba kolamu wenyewe, na hii inakera kwa sababu mtu anafanya kwa nia nzuri. Ukitoka kwenye chumvi kali moja kwa moja kwenda kwenye alkoholi, chumvi inaweza kuganda ndani ya matundu. Bafa yenye magnesi ikikutana na NaOH inatoa mashapo ya magnesi haidroksaidi, kalsi ikikutana na fosfeti ni hivyo hivyo. Amoniamu salfeti ikikutana na NaOH inatoa amonia, ambayo zaidi ya kuharibu kazi yako ni hatari kwa mtu aliyesimama hapo. Dawa ya yote haya ni moja, weka maji safi katikati ya kila hatua mbili zisizopatana, mpaka kondaktiviti (upitishaji umeme, unaoonyesha kiasi cha chumvi) ishuke kabisa.

Presha imeshuka

Watu wanafurahi ikishuka, na hawatakiwi. Kama halijoto na bafa havijabadilika, presha kushuka maana yake kuna njia ya mkato. Angalia uvujaji kwenye viungo, halafu mipira ya kuzibia ndani ya ganda la kolamu, halafu kwenye za punje angalia kama bedi imepasuka au imeachana na kichwa cha juu. Uthibitisho ni kwamba molekuli inaanza kupita bila kushikwa toka dakika za mwanzo kabisa za kupakia, wala sio mwishoni.

Haishiki kama zamani

Hapa kuna jaribio moja ambalo nalipenda kuliko yote. Pakia sampuli ile ile kwa nusu ya mtiririko. Kama kiasi inachoshika kimeongezeka sana, basi molekuli ilikuwa haipati muda wa kuingia, na hilo ni la kawaida kwenye punje, suluhisho ni kuongeza muda wa kukaa ndani ya kolamu. Kama hakuna kilichobadilika, shida ni ya kikemia, usipoteze siku kucheza na pampu. Kwenye monolithi kiasi kinachoshikwa hakitegemei sana mtiririko, kwahiyo monolithi ambayo ghafla inashika zaidi ukipunguza mwendo inakuambia kitu: sehemu ya njia zake zimeziba na mtiririko unapita kwa kasi kwenye zilizobaki.

Ikiwa ni ya kikemia, anza na kondaktiviti ya sampuli. Pima sampuli halisi iliyo kwenye tangi leo, usiamini karatasi ya bechi. Kwenye kolamu za kubadilishana ioni (zinazoshika kwa chaji) milisimensi chache za ziada zinatosha kuua nusu ya uwezo kwa protini inayoshika kidogo. Kisha pH. Kisha jiulize kolamu ilisawazishwa kweli au ilipitishiwa tu bafa ya ujazo uliozoeleka. Vibadilishi hafifu vya ioni kama DEAE vina tabia ya kubadilisha pH ya bafa yako vikiwa bado havijatulia, unaweza kuona kondaktiviti imefika lakini pH bado inahangaika. Hapo tumia bafa ile ile iliyokolezwa kwanza, kisha rudi kwenye ya kawaida, inafika haraka zaidi kuliko kumwaga ujazo ishirini wa bafa nyepesi.

Sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho ni ushindani. Kwenye kolamu yenye chaji chanya, RNA, DNA ya seli na endotoksini (sumu ya bakteria) vyote vina chaji hasi na vinakaa kwenye kiti cha plasmidi au kirusi chako. Ukibadilisha namna ya kuvuna seli au ukaruka hatua ya kutoa RNA kwa kalsi kloraidi, uwezo unaanguka na kolamu haina kosa hata kidogo. Kutenganisha kolamu na sampuli, pakia protini safi inayojulikana, albumini ya ng'ombe kwa mfano, kwenye bafa ya Tris ya milimola 20, linganisha na namba ya siku ya kwanza. Ikifanana, rudi jikoni kwa sampuli. Ikiwa chini hata baada ya kusafisha vizuri, ligandi (vikundi vya kikemia vinavyoshika molekuli) zimeondoka au zimefunikwa.

Na kuna kesi ambayo sio tatizo kabisa: mtu anahamisha protini ndogo toka kwenye punje kwenda kwenye monolithi, anaona inashika kidogo, anaita huduma kwa wateja. Monolithi ina eneo dogo la ukuta kwa kila mililita. Kwa protini ndogo punje zitaishinda mara nyingi, kwa plasmidi na virusi inakuwa kinyume. Chagua kolamu kwa ukubwa wa molekuli.

Vilele vimenenepa au vina mkia

Vilele ni miinuko kwenye grafu ya detekta pale molekuli zinapotoka. Kwanza detekta. Kilele chenye kichwa bapa ni mwanga kuishiwa nguvu kwenye detekta, badilisha urefu wa wimbi au njia ya mwanga. Pili, mirija na ujazo uliokufa (nafasi tupu) kati ya kolamu na detekta. Hili linaumiza monolithi kuliko punje, maana monolithi inatoa molekuli kwenye ujazo mdogo sana na mrija mrefu mnene unaichanganya tena yote uliyotenganisha. Pitisha asetoni kidogo bila kolamu, kisha na kolamu. Kama vilele viwili vinafanana kwa unene, unene unatoka kwenye mirija.

Kwa kolamu za punje, kilele cha asetoni kinakuambia pia hali ya upakiaji. Mkia mrefu unaashiria bedi legevu au iliyoachana na kichwa, na kilele kinachoinuka taratibu mbele kinaashiria kwamba bedi imebanwa kupita kiasi. Wengi wanakubali ulinganifu wa kilele (upana wa nyuma ukigawanywa kwa wa mbele) kati ya 0.8 na 1.8, ila kilicho muhimu zaidi ni kwamba namba isihame toka bechi moja hadi nyingine. Monolithi haipakiwi, kwahiyo kipimo hiki kwake hakisemi mengi, tumia gradienti (chumvi ikibadilishwa taratibu) ya protini mbili tatu unazozijua.

Hewa nayo inaleta vilele vya ajabu, miiba mikali kwenye grafu na presha inayotetemeka. Bafa iliyotolewa kwenye baridi na kuachwa ipate joto ndani ya mashine inatoa viputo yenyewe. Toa hewa kwenye bafa, elekeza mtiririko toka chini kwenda juu, na kwa polima inayochukia maji ethanoli ya asilimia 20 kwa mwendo wa pole inasaidia kulowesha matundu na kufukuza viputo.

Vilele vimehama

Ikiwa vyote vimehama kwa pamoja, hiyo ni bafa au pampu ya gradienti. Angalia grafu ya kondaktiviti, sio asilimia ya B (bafa ya kutolea) iliyoandikwa kwenye skrini. Na Tris ichunguzwe sana, inapoteza karibu 0.028 ya pH kwa kila nyuzi inayopanda, yani bafa uliyoiweka 8.0 kwenye nyuzi 25 inakuwa karibu 8.6 kwenye nyuzi 4. Rekebisha pH kwenye halijoto utakayofanyia kazi. Kwenye kolamu za haidrofobia baridi inapunguza kushika, kwahiyo msimu wa baridi kwenye jengo lisilo na udhibiti wa joto unaweza kukuhamishia vilele bila mtu kugusa chochote.

Mali imepotea

Fanya hesabu ya mizani kabla ya nadharia. Pima kilichopita bila kushikwa, kilichooshwa, kilichotolewa, na kilichotoka wakati wa kusafisha. Ikiwa mali iko kwenye kusafisha, imeshika kwa nguvu kuliko chumvi yako inavyoweza kuing'oa. Virusi vinashika sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ongeza chumvi kwa hatua moja kali badala ya gradienti ndefu, au nenda kwenye kibadilishi hafifu. Ikiwa hakiko popote, basi kimeganda ndani (rudi kwenye presha), au kimeharibika. Kwa virusi pima vitu viwili, idadi ya chembe na uwezo wa kuambukiza, kwa sababu chembe zikiwepo zote ila haziambukizi, kolamu imefanya kazi yake na aliyeua ni chumvi au pH au muda. Zimua kilichotoka hapo hapo mlangoni, usisubiri mkusanyiko uishe. Na hesabu ikileta asilimia 120, tatizo liko kwenye kipimo.

Ndogo ilikubali, kubwa imegoma

Ukitoka kolamu ndogo kwenda kubwa, hamisha mtiririko kwa ujazo wa kolamu kwa dakika, na gradienti kwa ujazo wa kolamu, sio kwa dakika. Kwenye punje angalia pia kwamba kolamu pana inapoteza msaada wa kuta, bedi inabanwa na uzito wa mtiririko wake na presha inapanda kuliko hesabu ya kolamu nyembamba ilivyosema. Monolithi kubwa zina umbo la mrija, mtiririko unaingia kwa nje unatoka katikati, kwa sababu polima ikitengenezwa ikiwa nene inatoa joto jingi na matundu yanatoka tofauti tofauti. Podgornik na wenzake walionyesha mwaka 2000 namna ya kukwepa hilo kwa kupachika mrija ndani ya mrija. Kwahiyo unene wa ukuta wa polima ndo unaobeba presha, usipige hesabu kwa urefu wa kolamu.

Ila sababu ninayoiona inasahaulika kuliko zote ni muda. Sampuli ya mililita 50 inapakiwa ukiwa umesimama. Ya lita 200 inakaa kwenye tangi saa kadhaa, inapata joto, inaganda kidogo kidogo, na robo ya mwisho inayoingia kwenye kolamu sio sampuli ile uliyoijaribu. Weka sampuli ndogo kando kwa muda ule ule na halijoto ile ile, kisha ipitishe kwenye kolamu ndogo. Ikigoma na yenyewe, umepata jibu bila kugusa kolamu kubwa.

Vilele vya bechi iliyopita

Endesha mzunguko mzima bila sampuli, bafa tupu. Kitu kikitokea, ni mabaki au vijidudu. Mabaki yanarudi kwenye usafishaji. Vijidudu vinatoka kwenye hifadhi, kolamu isilale kwenye bafa tupu hata usiku mmoja, iweke kwenye ethanoli ya asilimia 20 au NaOH hafifu kadiri ligandi inavyoruhusu. Mwili wa polima unavumilia NaOH ambayo ingeyeyusha silika, lakini ligandi ya protini iliyobandikwa juu yake, kama Protini A, inaweza isivumilie ukali huo, hapo fuata karatasi ya mtengenezaji neno kwa neno.

Lini useme kolamu imekwisha

Presha haijarudi baada ya kusafisha mara mbili kwa dawa mbili tofauti, protini ya majaribio inashika pungufu kuliko kiwango mlichokubaliana kabla ya bechi ya kwanza, au mzunguko mtupu unaendelea kutoa mabaki. Yoyote kati ya hayo matatu, na mashine tupu ikiwa imepimwa siku hiyo hiyo, inatosha kuitoa kazini.